Mwimbaji akibaki peke yake: Kwa nini nyimbo mpya huwagawanya mashabiki wa Dagahaley

Na MWANDISHI WETU

MWIMBAJI aliyejipatia jina ndani ya bendi anapotoa nyimbo zake binafsi, mashabiki hugawanyika papo hapo. Wapo wanaompongeza kwa ujasiri wa kusimama peke yake. Wapo pia wanaodai amepotea njia, amewatupa wenzake, na kwamba sauti ni ileile lakini utamu umekwisha.

Ubishi wa aina hii si mgeni popote pale muziki unapopendwa. Hata hivyo, katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, Kaunti ya Garissa, ubishi huo hubeba uzito mwingine. Mzee wa Kisomali anapoketi kwenye kibanda cha chai na kusema kwamba muziki wa siku hizi ni wa mtu mmoja na kinanda chake, hazungumzii ladha ya masikio pekee. Anazungumzia nchi iliyovunjika, na bendi zilizovunjika pamoja nayo.

Ili kuelewa kinachomuudhi mzee huyo, na kwa nini mjukuu wake haoni kosa lolote katika wimbo uleule, ni sharti kwanza kufahamu jinsi muziki wa Kisomali ulivyokuwa ukitengenezwa, ni nani aliyeugharamia, na ni kwa sababu gani mwimbaji alijikuta peke yake.

Kambi na redio

Dagahaley ni mojawapo ya kambi zinazouzunguka mji mdogo wa Dadaab, kiasi cha kilomita 100 kaskazini mashariki mwa mji wa Garissa. Jina lake latokana na Kisomali, nalo lina maana ya mahali penye mawe. Kambi jirani ya Ifo ilifunguliwa mwaka 1991, wakati serikali ya Rais Mohamed Siad Barre ilipoanguka mjini Mogadishu. Dagahaley na Hagadera zilifuata mwaka 1992.

Kambi hizo tatu zilikusudiwa kuwahifadhi watu 90,000 kwa jumla. Mwaka 2011, ukame na njaa vilipoikumba Somalia, idadi ya wakimbizi wa Dadaab ilikaribia nusu milioni. Mwaka 2016 serikali ya Kenya ilitangaza kwamba ingezifunga kambi hizo, lakini Mahakama Kuu ilibatilisha uamuzi huo Februari 2017. Wapo watu wazima huko ambao walizaliwa kambini, wakasoma kambini kwa mtaala wa Kenya, wakaoa na kuolewa kambini, na hawajawahi kuiona Mogadishu.

Kwa watu wa namna hiyo, nyimbo ni sehemu kubwa ya urithi walioachiwa na wazazi. Wakimbizi wengi walivuka mpaka bila mali. Kilichokuwa rahisi kubebwa ni kile kilichomo kichwani, na kwa aliyebahatika, kanda kadhaa za kaseti. Kwa miaka mingi redio ndiyo iliyokuwa mlango wa dunia, hususan Idhaa ya Kisomali ya BBC, ambayo ilianza kurusha matangazo mwaka 1957, na baadaye vituo vinavyotangaza kwa Kisomali humu nchini kama vile Star FM. Leo wimbo mpya hufika kwa simu ya mkononi siku ileile unapotolewa, uwe umerekodiwa Nairobi, Hargeysa, London ama Minneapolis.

Hapo ndipo ubishi huanzia. Mzee na kijana wanausikiliza wimbo mmoja, ila kila mmoja anaupima kwa mizani yake.

Watu watatu katika wimbo mmoja

Jambo la kwanza ambalo msomaji asiye Msomali anapaswa kulijua ni kwamba, kwa desturi ya muziki wa Kisomali wa karne iliyopita, wimbo haukuwa mali ya mwimbaji pekee. Wimbo ulikuwa kazi ya watu watatu. Wa kwanza alikuwa mshairi, aliyetunga maneno. Wa pili alikuwa mtunzi wa mahadhi. Wa tatu ndiye mwimbaji, ambaye alitoa sauti. Nyuma yao walisimama wapigaji wa udi, ngoma, na baadaye magitaa, vinanda na saksafoni.

Wasikilizaji waliwajua wote watatu kwa majina. Wimbo ulipopendwa, swali la kwanza lilikuwa: nani katunga maneno? Mshairi aliheshimiwa kuliko mwimbaji. Jambo hilo halishangazi katika jamii ambayo lugha yake ilipata maandishi rasmi ya herufi za Kilatini mwaka 1972 tu, na ambayo kwa karne nyingi ilihifadhi historia, mikataba na ugomvi wake katika mashairi yaliyokaririwa kwa moyo.

Mashairi hayo yana sheria kali. Sisi Waswahili tumezoea vina vya mwisho na mizani. Wasomali, kwa upande wao, hutazama mwanzo wa maneno. Mshairi akichagua sauti ya herufi b, basi kila mstari sharti uwe na neno linaloanza na b, tangu mwanzo hadi tamati. Akiteleza mahali pamoja, wasikilizaji hutambua mara moja, kama vile mpenzi wa mashairi wa Lamu au Mombasa atambuavyo kina kilichovunjika.

Basi msomaji atafahamu kwa nini mzee wa Dagahaley husikiliza wimbo mpya akiwa amekunja uso. Anahesabu sauti. Mwimbaji anayejitegemea, ambaye mara nyingi hujitungia maneno, hujipangia mahadhi na kujirekodia, amejitwika kazi ya watu watatu. Si wote wanaoiweza. Kwa hiyo lalamiko kwamba nyimbo za siku hizi hazina maneno, ingawa husikika kama chuki ya wazee dhidi ya vijana, lina msingi wa kiufundi. Mara nyingi mshairi hayumo tena katika chumba cha kurekodia.

Bendi zilizolipwa mshahara

Jambo la pili ni historia ya bendi zenyewe. Mmoja wa waasisi wa muziki wa kisasa wa Kisomali, Abdullahi Qarshe, alizaliwa mwaka 1924 mjini Moshi, katika Tanganyika ya wakati huo. Aliupeleka udi kwa wasikilizaji wa Radio Hargeysa. Kwa hiyo muziki huu una uhusiano na Afrika Mashariki kuliko wengi wetu tunavyodhani.

Baada ya jeshi kutwaa madaraka Oktoba 1969, serikali ya Siad Barre iliuweka muziki chini ya dola. Kundi kubwa kuliko yote, Waaberi, lilikusanya wasanii wa redio ya taifa na kuigiza katika Ukumbi wa Taifa wa Mogadishu, jengo lililofunguliwa mwaka 1967 kwa msaada wa China. Jeshi lilikuwa na Horseed. Polisi walikuwa na Heegan. Wizara ya Elimu ilikuwa na Iftin. Katika miaka ya 1980 ziliibuka pia bendi zisizo za serikali, na iliyovuma zaidi ni Dur-Dur, iliyochanganya mahadhi ya Kisomali na funki pamoja na disko.

Msomaji wa Tanzania hatapata taabu kuuelewa mpango huo. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na Polisi Jazz ilikuwa ya polisi. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa. Vyombo vilikuwa vya taasisi, usafiri ulikuwa wa taasisi, na mshahara ulifika mwisho wa mwezi, ukumbi ujae usijae.

Mpango huo ulikuwa na gharama zake. Msanii aliyelipwa na serikali alitarajiwa kuisifu serikali. Aliyetaka kuikosoa alilazimika kusema kwa fumbo, na ndiyo sababu nyimbo nyingi za mapenzi za miaka hiyo zilisikilizwa na wananchi kama nyimbo za siasa. Mpenzi aliyedhulumu aliweza kuwa rais. Bibi harusi aliyesubiriwa aliweza kuwa uhuru.

Lakini mpango huohuo uliwezesha jambo ambalo mtu mmoja hawezi kulifanya. Uliwaweka washairi, watunzi wa mahadhi, waimbaji na wapiga vyombo chini ya paa moja kwa muda wa miaka ishirini. Wimbo ulifanyiwa mazoezi, ukakosolewa na wakubwa wa fani, ukarekebishwa kabla haujawafikia wananchi. Watu kama Halima Khalif, maarufu kwa jina la Magool, aliyefariki mwaka 2004, walilelewa na utaratibu huo.

Vita vilivyomwacha mwimbaji peke yake

Mwaka 1988 ndege za serikali zilishambulia mji wa Hargeysa. Wafanyakazi wa redio walizificha kanda za muziki, nyingine wakazifukia ardhini, ili zisiangamie. Mwaka 1991 serikali ya Mogadishu ilipoanguka, mishahara ilikoma, vyombo viliporwa na Ukumbi wa Taifa ukageuka gofu. Wanamuziki walitawanyika Kenya, Ethiopia, Djibouti, Ulaya na Amerika ya Kaskazini.

Hapa ndipo panapotenganisha mashabiki wa Dagahaley na mashabiki wa miji mingine. Mbaraka Mwinshehe alipoihama Morogoro Jazz mwaka 1973, hakwenda kuimba peke yake. Aliunda bendi nyingine, Super Volcano, kwa sababu wapigaji walikuwapo na kumbi zilikuwapo. Mwimbaji wa Kisomali wa mwaka 1992 hakuwa na hiari hiyo. Mpiga besi wake alikuwa Toronto, mshairi wake Djibouti, mpiga ngoma amekufa. Alichobaki nacho ni koo lake.

Aliyeziba pengo hilo alikuwa kinanda cha umeme. Kifaa kimoja kiliweza kutoa mdundo, besi na tarumbeta za bandia. Familia iliyotaka muziki wa harusi ugenini haikuweza kuwaalika wasanii ishirini, ila iliweza kumlipa mwimbaji mmoja na mpiga kinanda mmoja. Baadaye kompyuta ikaingia na kufanya gharama zishuke zaidi. Hivyo basi, kile ambacho wazee hukiita uvivu wa vijana kilianza kama njia ya kuponea chupuchupu.

Usalama nao ulichangia. Aprili 2010, kundi la Hizbul Islam lilizipa redio za Mogadishu siku kumi ziache kupiga muziki. Vituo kadhaa vilitii, na baadhi vikaanza kutambulisha vipindi vyao kwa milio ya risasi na sauti za wanyama. Ukumbi wa Taifa ulipofunguliwa tena mwaka 2012, haukupita hata mwezi mmoja kabla mlipuko wa Aprili 4 kuua watu waliokuwa wamekusanyika humo. Julai 2014, Saado Ali Warsame, mwimbaji aliyekuwa pia mbunge, aliuawa kwa risasi mjini humo. Katika mazingira kama hayo, bendi ya watu kumi na watano ni lengo rahisi kuonekana. Mtu mmoja aliyejifungia chumbani na kompyuta si rahisi kumpata.

Maryam Mursal na albamu mbili

Mfano unaoeleza vizuri zaidi mgawanyiko wa mashabiki ni wa Maryam Mursal. Alianza kuimba Mogadishu akiwa kijana, wakati ambapo mwanamke kusimama jukwaani na bendi lilikuwa jambo la kushangaza, na akawa mmojawapo wa nyota wa Waaberi. Wimbo wake Ulimada ulichukuliwa kuwa umeikosoa serikali kwa fumbo. Alipigwa marufuku kuimba, naye akajipatia riziki kwa udereva.

Vita vilipozuka alitoroka pamoja na watoto wake watano, akapita katika nchi za Pembe ya Afrika kwa miezi kadhaa hadi Djibouti, na hatimaye akapewa hifadhi nchini Denmark.

Kampuni ya Real World ya Uingereza ilitoa kazi zake mbili zilizofuatana. Ya kwanza, mwaka 1997, ilikuwa New Dawn, iliyotolewa kwa jina la Waaberi. Humo mnasikika udi, ngoma na sauti, karibu na namna kundi hilo lilivyosikika nyumbani. Ya pili, mwaka 1998, ilikuwa The Journey, iliyotolewa kwa jina lake mwenyewe. Humo magitaa ya umeme yanaunguruma, midundo ni ya studio za Ulaya, na Peter Gabriel anasikika miongoni mwa waitikiaji.

Mwimbaji ni yuleyule na miaka ni ileile. Lakini mtu aliyezikulia nyimbo za Waaberi huona kwamba albamu ya kwanza ni nyumbani na ya pili ni ugenini. Kijana ambaye hakuwahi kuiona Mogadishu yenye amani huenda akavutwa zaidi na ile ya pili, kwa kuwa nayo inasimulia safari anayoijua: safari ya kuondoka. Hakuna kati yao anayekosea. Kila mmoja anasikia maisha yake.

Sahra Halgan, aliyetoka Hargeysa akaishi Ufaransa kama mkimbizi, alifuata njia kama hiyo. Akiwa huko alijiunga na wanamuziki wa roki wa Kifaransa, na gitaa lao kali ndilo linalosindikiza mashairi yake ya Kisomali. Hata hivyo, yeye alirudi nyumbani, na mwaka 2013 akafungua mjini Hargeysa mahali pa utamaduni paitwapo Hiddo Dhawr, maana yake kutunza urithi. Mwaka 2024 aliipa albamu yake jina hilohilo. Anayesikia gitaa la roki peke yake atasema mama huyu ameuacha utamaduni. Anayesikiliza maneno atagundua kwamba ameushikilia kwa mikono miwili.

Nairobi walikoanzia upya

Si wote waliosubiri msaada wa Ulaya. Mwaka 2004, katika mtaa wa Eastleigh jijini Nairobi, vijana wakimbizi wakiongozwa na Shiine Akhyaar Ali waliunda kundi la Waayaha Cusub, yaani Zama Mpya. Waliimba kwa mtindo wa kufokafoka, wakawachanganya Wasomali na wasanii kutoka mataifa jirani, wake kwa waume. Walizungumzia ukabila, vita na wanamgambo. Shiine alipigwa risasi jijini humo na akanusurika. Mwaka 2013 kundi hilo lilishiriki kuandaa tamasha la muziki mjini Mogadishu.

Mashabiki waligawanyika tena. Kuna waliosema huo si muziki wa Kisomali. Kuna waliosema mavazi ya waimbaji wa kike hayana staha. Na kuna vijana, kambini na mijini, waliosema kwamba kwa mara ya kwanza wamesikia mtu wa rika lao akiwasemea.

Karibu na Dagahaley kwenyewe, kundi la Gargar la akina mama wa Garissa limeonyesha njia nyingine. Jina hilo ni la Kisomali na maana yake ni msaada. Hao waliingia studio na shirika la Ketebul la Nairobi wakiwa kundi, wakaimba nyimbo za wanawake za asili juu ya magitaa ya kisasa. Kwa hiyo si kweli kwamba kuimba kwa pamoja kumekufa. Kunahitaji tu mahali, vyombo na mtu wa kugharamia.

Kwa upande mwingine, mwaka 2021 dunia nzima ilicheza wimbo Isii Nafta wa Nimco Happy, uliosambaa kwa simu baada ya watu mashuhuri wa Marekani kuucheza. Ni wimbo mwepesi wa mapenzi unaochanganya Kisomali, Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Kwa mizani ya washairi wa Waaberi, hauna uzito. Lakini kwa kijana wa Dagahaley anayezungumza Kisomali nyumbani, anayefundishwa Kiswahili na Kiingereza shuleni na anayesoma Kurani kwa Kiarabu, mchanganyiko huo si vurugu. Ndivyo anavyozungumza kila siku.

Tofauti na mashabiki wa Sauti Sol

Huenda msomaji akauliza: mbona hata Nairobi mashabiki hulalamika? Ni kweli. Kundi la Just A Band lilipotulia baada ya kuvuma kwa wimbo Ha-He wa mwaka 2010, mwanachama wake Blinky Bill alitoa albamu yake binafsi mwaka 2018, na wapenzi wa zamani hawakuacha kuuliza bendi itarudi lini. Mwaka 2023 Sauti Sol walitangaza kwamba wanapumzika kwa muda usiojulikana. Novemba mwaka huo Bien akatoa albamu yake ya kwanza akiwa peke yake, na kila wimbo ukapimwa kwa kulinganishwa na sauti nne zilizozoeleka.

Tofauti ni hii: shabiki wa Sauti Sol ana tumaini. Wanamuziki wote wako hai, wanapigiana simu, na wakitaka wanaweza kukutana jukwaani kesho. Aliyeamua kujitenga aliamua mwenyewe, na anaweza kubadili nia.

Shabiki wa Waaberi hana tumaini la namna hiyo. Wengi wa wasanii wale wamefariki, na taasisi iliyowaleta pamoja haipo tena kwa sura ile. Kwa hiyo kila wimbo mpya wa mwimbaji aliyesalia humkumbusha wale ambao hawasikiki ndani yake. Lalamiko lake ni tanzia. Kumwambia kwamba anapinga maendeleo ni kutomwelewa.

Vilevile, si haki kumlaumu mwimbaji. Wapo wanaomtaka aimbe kama mwaka 1980, ilhali hawana ukumbi wa kumpa, hawana vyombo, na wimbo wake wameupata bure kwa simu ya rafiki. Bendi haijengwi kwa kumbukumbu za mashabiki. Hujengwa kwa fedha, kwa muda na kwa uhuru wa kusafiri. Mkimbizi wa Dadaab anayetaka kwenda kufanya mazoezi Garissa au Nairobi huhitaji kwanza kibali cha kutoka kambini. Kwa masharti hayo, hata kijana mwenye kipaji hulazimika kuimba peke yake.

Kuna pia kundi la tatu la wasikilizaji ambalo halipaswi kusahauliwa: wale wanaoamini kwa dhati kwamba muziki wa vyombo haufai kidini, uwe wa bendi au wa mtu mmoja. Hao wapo ndani ya familia hizohizo, na ndiyo maana kijana hutumia kisikizio anapotaka kufurahia wimbo wake bila kumkera mzazi.

Kanda zilizofufuka

Katika miaka ya karibuni limetokea jambo ambalo limebadilisha mjadala huu. Mwaka 2013 kampuni moja ya Marekani ilitoa upya kanda ya Dur-Dur ya mwaka 1987. Mwaka 2017 ikatoka Sweet as Broken Dates, mkusanyiko wa nyimbo za Kisomali za enzi za bendi, nyingi kutoka kanda zilizohifadhiwa Hargeysa, nao ukateuliwa kuwania tuzo ya Grammy. Jijini London, wanamuziki wakongwe walikutana tena kwa jina la Dur-Dur Band Int. na kuanza kupiga jukwaani.

Matokeo yake ni kwamba vijana sasa wanaweza kuzisikia bendi hizo wenyewe, tena kwa ubora ambao kaseti zilizochakaa za wazazi wao hazikuwa nao. Zamani kijana aliambiwa tu kwamba muziki wa kale ulikuwa bora. Sasa anaweza kulinganisha. Na wapo wanaochukua vipande vya saksafoni na magitaa ya miaka ya 1970 na kuvitia ndani ya nyimbo zao mpya.

Hapo ndipo pande mbili za ubishi wa kibanda cha chai zinapoweza kukutana. Mzee ana kitu ambacho kompyuta haina: anajua nani alitunga nini, kwa nini, na fumbo lilimlenga nani. Kijana naye ana kitu ambacho mzee hana: chombo cha kurekodi kilichomo mfukoni mwake. Washairi wa Kisomali hawajaisha. Wapo hata kambini, na mashairi bado husomwa harusini na kwenye mikutano. Kinachokosekana ni mazoea ya mwimbaji kijana kwenda kubisha hodi kwa mshairi kabla ya kubonyeza kitufe cha kurekodi.

Kwa hiyo wimbo mpya wa mwimbaji aliyejitenga unapofika, pengine swali la kuuliza si kama unafanana na ule wa bendi. Hauwezi kufanana. Swali la manufaa zaidi ni lile walilouliza mababu: nani katunga maneno? Likijibiwa kwa jina la mshairi anayejulikana, basi theluthi moja ya bendi ile imerudi. Mahadhi na wapigaji wanaweza kufuata baadaye, mmoja baada ya mwingine, hata kama itachukua miaka.